Joho la Mwanasheria na Pete ya Ndoa: Kujigeuza, Hila na Mapenzi katika Mabepari wa Venisi

Wengi wetu tukitajiwa Mabepari wa Venisi, la kwanza kutujia akilini ni ile ratili ya nyama. Tunamkumbuka Shylock akinoa kisu mbele ya mahakama, tunamkumbuka Antonio akiambiwa afunue kifua, halafu tunamkumbuka yule mwanasheria kijana aliyetokea ghafula na kuigeuza kesi juu chini. Tunashangilia. Tunasema haki imetendeka. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: huyo mwanasheria ni nani hasa? Ni mwanamke aliyevaa nguo za kiume, amejipa jina lisilo lake, hakusomea sheria, na isitoshe ni mke wa mtu ambaye deni lile lilichukuliwa kwa ajili yake. Kwa lugha ya mtaani huyo ni tapeli. Hata hivyo sijamwona mtu anayemaliza kuisoma tamthilia hii akimwita Portia tapeli.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Katika makala haya nitajaribu kueleza namna Shakespeare anavyotumia kujigeuza na hila ili kuyapima mapenzi. Hoja yangu ni kwamba katika tamthilia hii karibu kila mtu anadanganya, na kwa hiyo swali la nani mwongo halitufikishi mbali. Swali lenye faida ni hili: nani anaruhusiwa kuvaa sura isiyo yake na kuivua atakapo, na nani haruhusiwi? Nitalifuata swali hilo kwa kutazama pete 3 zinazopita humo ndani, kwa sababu pete zinasema mambo ambayo wahusika wenyewe wanayaficha.

Asili ya tamthilia

Shakespeare aliiandika tamthilia hii katika miaka ya 1590, ikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1600. Mwaka 1623, alipokuwa amekwisha kufa, wenzake waliokusanya kazi zake waliiweka katika kundi la futuhi, yaani michezo ya kuchekesha inayoishia kwenye ndoa. Sisi wa Kiswahili tumeipata kwa mkono wa hayati Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu akawafanya wengi, tena akawaita mabepari. Kwa neno hilo moja alitufungua macho: mji ule wote uko sokoni, na mapenzi nayo yamo humo humo.

Kisa chenyewe Shakespeare hakukitunga kutoka hewani. Kiini chake kimo katika Il Pecorone, mkusanyiko wa hadithi za Kitaliano uliochapishwa Milan mwaka 1558. Humo tunamkuta tayari bibi tajiri wa Belmonte, tunaukuta mkopo wa dhamana ya nyama, tunamkuta mwanamke aliyejigeuza mwanasheria, na tunaikuta pete. Lakini Shakespeare alibadilisha mambo mawili makubwa. Bibi wa hadithi ya zamani aliwalaghai wachumba kwa kuwanywesha dawa ya usingizi na kuwanyang'anya mali. Portia wa Shakespeare, kinyume chake, amefungwa na wosia wa baba yake, hana hata ruhusa ya kuchagua mume. La pili, katika hadithi ile hakuna Jessica binti Shylock. Mabadiliko haya tuyaweke akilini, tutayahitaji mbele.

Hila kila pembe

Kwa ufupi mambo yako hivi. Bassanio, kijana wa ukoo mzuri aliyetumbua mali yake ikaisha, anataka kwenda Belmont kumposa Portia. Anapomweleza rafiki yake Antonio habari za huyo bibi, anaanza na utajiri, uzuri unafuata. Hana fedha za kujionyesha mbele ya wachumba wengine. Antonio naye mali yake yote iko baharini, hivyo anamdhamini kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji: dukati 3,000 kwa miezi 3. Deni lisipolipwa, Shylock atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio.

Sasa tazama. Kabla hatujamwona mwanamke yeyote akivaa suruali, mwanamume wa kwanza ameshajigeuza. Bassanio anakwenda Belmont na watumishi na zawadi kana kwamba ni tajiri, kumbe fahari yote ni ya mkopo. Ni kweli alimwambia Portia kwamba hana mali isipokuwa damu yake ya kiungwana. Asichomwambia ni kwamba ana deni, na kwamba deni hilo limewekewa rehani mwili wa mtu. Analisema baada ya kushinda, barua ya msiba ilipokwisha kufika.

Kisha kuna visanduku: cha dhahabu, cha fedha na cha risasi, ile risasi ya madini. Mchumba anayechagua vibaya anaondoka na kiapo cha kutooa maisha yake yote. Mwana wa mfalme wa Moroko anachagua dhahabu anakuta fuvu la kichwa. Yule wa Aragon anachagua fedha anakuta sura ya zuzu. Bassanio anachagua risasi, kitu duni kuliko vyote, na humo imo picha ya Portia. Kabla ya kuchagua anatoa maneno marefu kuonya kwamba mapambo ya nje huficha uozo wa ndani. Maneno mazuri sana, ila yanatoka kinywani mwa mtu aliyesimama pale katika mapambo ya kuazima! Hicho ndicho kinaya ambacho jukwaa linakipenda. Na Portia je? Wachumba wengine hawakuimbiwa, lakini Bassanio akitafakari unapigwa wimbo, na wahakiki wamebishana kama vina vyake havimnong'onezi jina la kile kisanduku cha risasi. Mimi sitaamua. Inatosha kusema kwamba hata pale penye wosia mtakatifu, hila inabisha hodi.

Joho la Portia

Tamthilia hii ina wanawake 3 tu wenye sauti: Portia, mwandani wake Nerissa, na Jessica. Wote watatu wanavaa nguo za kiume. Hili si jambo la kupita hivi hivi. Tukumbuke pia kwamba katika kumbi za London za wakati ule wanawake hawakuigiza. Sehemu zao zilichezwa na wavulana, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1660 wanawake walipoanza kupanda katika majukwaa hayo. Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza alimwona mvulana aliyejifanya mwanamke aliyejifanya mwanamume. Kila mtu ukumbini alijua. Waliodanganywa ni waliomo katika mchezo tu.

Kwa nini Portia alivae joho? Jibu la haraka ni kumwokoa Antonio, na ndilo tunaloandika katika mitihani. Lakini angeweza kutuma fedha. Mwenyewe alisema yuko tayari kulipa deni mara mbili na zaidi. Badala yake anasema uongo nyumbani kwamba anakwenda kwenye nyumba ya watawa kusali, anamtuma mtumishi Padua kwa jamaa yake, Daktari Bellario bingwa wa sheria, akamletee nguo na maelezo, kisha anaingia mahakamani kwa jina la Balthazar. Mahakama ilikuwa mahali ambapo neno lilikuwa na nguvu kuliko dukati, na mwanamke hakuwa na mlango wa kuingilia. Joho likawa mlango.

Lakini joho limemfanyia Portia jambo jingine ambalo nadhani hakulipangia. Limempa masikio. Akiwa amesimama pale, mumewe asimtambue, anamsikia Bassanio akimwambia Antonio kwamba anampenda mke wake kama uhai wake, lakini uhai, mke na dunia yote havizidi thamani ya maisha ya Antonio; yuko radhi kuvitoa vyote sadaka. Gratiano naye, mume wa Nerissa, hakubaki nyuma: anatamani mkewe angekuwa mbinguni ili amwombee Antonio huko. Wake wenyewe wako hatua chache tu, wamevaa suruali, wanasikiliza. Tunacheka, na ni halali kucheka. Lakini jamani, ndoa imefungwa siku ile ile walipoachana, na bibi harusi ameshasikia bei yake.

Wahakiki wengi husema kujigeuza ni kuficha ukweli. Hapa naona kunaufichua. Portia angebaki Portia, Bassanio angeendelea kumwambia yale ambayo mume humwambia mke. Ni kwa sababu amekuwa mtu baki ndipo anaambiwa, bila kuambiwa, mapenzi yake yana kikomo gani.

Ahadi ni deni

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sijui methali inayoieleza tamthilia hii vizuri zaidi ya hiyo. Kuna mikataba miwili humu. Wa kwanza ni wa Shylock, umeandikwa na kutiwa muhuri: ukikosa kulipa, nyama. Wa pili ni wa Portia, haukuandikwa. Alipompa Bassanio mkono wake alimpa na pete, akamwambia siku atakapoiacha, kuipoteza au kuigawa, hiyo itakuwa dalili ya kufa kwa mapenzi. Bassanio akaapa kwamba pete ikitoka kidoleni na roho yake itatoka. Nerissa naye alimpa Gratiano pete yake.

Kesi imekwisha, Antonio ameokoka, Bassanio anamtolea yule mwanasheria zile dukati 3,000. Anazikataa. Anataka pete. Bassanio anakataa kweli kweli, anajitetea, anasema ni ya mke wake, ameapa. Mwanasheria anaondoka amenuna. Hapo Antonio anamwambia rafiki yake apime mizani: upande mmoja huduma ya kijana yule na mapenzi yangu mimi kwako, upande wa pili agizo la mke wako. Mizani inaelemea upande wa Antonio. Gratiano anatumwa mbio kuipeleka pete. Punde si punde na pete ya Gratiano mwenyewe inaishia kwa karani, ambaye ni Nerissa.

Mahakamani Portia ameuvunja mkataba wa Shylock kwa kuushika neno kwa neno: chukua nyama, lakini tone la damu halikuandikwa. Nje ya mahakama anatumia mwendo ule ule kwa mumewe: uliapa, iko wapi? Wakirudi Belmont usiku anamkaba kwa swali hilo mpaka bwana anatamani angekatwa mkono asingizie kuporwa pete. Anamwambia kwamba daktari mwenye pete ana haki hata ya kitanda chake. Na kabla ya kuirudisha, anamfanya Antonio awe mdhamini tena. Safari hii anaweka roho yake rehani badala ya mwili. Pete inapita mkononi mwa Antonio kurudi kwa Bassanio. Yule aliyesababisha itoke ndiye anayeirudisha.

Wapo wanaouona mchezo huu wa pete kama utani wa kufungia kazi, watu wacheke waende nyumbani. Mimi nauona ndio kesi ya pili, na hakimu wake ameipata haki ya kuhukumu kwa sababu alisikia yote. Portia anasamehe. Ila anasamehe baada ya kuhakikisha kwamba wanaume wale wawili wamejua anajua. Mapenzi yanayobaki mwishoni ni madogo kuliko yale ya viapo vya kwanza, lakini macho yake yako wazi.

Pete ya tatu

Sasa turudi kwa Jessica, yule ambaye hadithi ya Kitaliano haikuwa naye. Naye alijigeuza. Katika usiku wa sherehe ya vinyago alivaa nguo za mtumishi wa kiume, akamrushia mpenzi wake Lorenzo kisanduku cha mali ya baba yake kutoka dirishani, akarudi ndani kuongeza dukati, kisha akatoroka naye akiwa mshika mwenge. Anaona haya kwa mavazi yale, lakini anajifariji kwamba mapenzi hayana macho. Kwetu tunasema ukipenda, chongo huita kengeza.

Baadaye Tubal anamletea Shylock habari kutoka Genoa: binti ametumia dukati 80 kwa usiku mmoja, na mtu fulani ameonyesha pete aliyoipata kwake kwa kubadilishana na tumbili. Shylock anaumia. Pete ile ilikuwa ya feruzi, alipewa na Leah alipokuwa bado kijana hajaoa. Anasema asingeitoa hata kwa pori zima la tumbili.

Tusimgeuze Shylock malaika. Muda mfupi kabla ya hapo amesema afadhali binti yake angekuwa maiti miguuni pake na vito masikioni. Ni mtu mwenye chuki, na kisu kile hakukinoa kwa mzaha. Lakini tuziweke pete 3 pamoja tuone. Ya Portia ilitolewa na mume aliyeapa kufa nayo. Ya Nerissa ilitolewa na mume ambaye naye alikuwa ameapa kuivaa mpaka kufa. Ya Leah aliishikilia mjane miaka yote, ikamtoka kwa kuibiwa. Katika mji mzima wa Venisi, mwanamume pekee tunayemsikia akikataa katakata kubadilisha pete ya mkewe na chochote ni yule tunayefundishwa kwamba hajui kitu ila fedha.

Mwandishi angeweza kuacha hilo tumbili nje. Hakuliacha. Aliingiza binti, akaingiza na pete, ili tuwe na kitu cha kulinganisha tutakapofika Belmont na kuanza kucheka.

Asiyeweza kuvua

Hapa narudi kwenye swali langu la mwanzo. Bassanio alivaa utajiri, akapata mke. Portia na Nerissa walivaa joho, wakapata ukweli na ushindi. Jessica alivaa nguo za mtumishi, akapata mume na mali. Wote walivaa kwa hiari na wakavua kwa hiari.

Shylock je? Katika Venisi ya historia Wayahudi walilazimishwa na sheria kuvaa alama au kofia ya rangi maalumu ili watambulike, na tangu mwaka 1516 walitengewa mtaa wao uliofungwa malango usiku. Tamthilia haiutaji mtaa huo, lakini vazi lake inalitaja: Shylock analalamika kwamba Antonio amelitemea mate joho lake la Kiyahudi. Huyu ni mtu ambaye nguo zake zipo ili asiweze kujificha. Na katika mchezo huu uliojaa watu waliojifunika, chuki yake ameitangaza hadharani. Alipotaka ratili ya nyama, aliidai mbele ya Mtawala na mji mzima. Udanganyifu wake pekee ni pale mwanzo alipoyaita masharti yale kuwa ni utani.

Adhabu yake inaanza na mali, ikaishia na masharti ya Antonio, moja likiwa kwamba Shylock lazima awe Mkristo. Tuliite kwa jina lake: naye amegeuzwa. Tofauti ni kwamba vazi hili hakulichagua na hataruhusiwa kulivua. Anasema hajisikii vizuri, anaomba aende, na anatoka jukwaani moja kwa moja. Hatumwoni tena. Anayemvika ni jirani ya yule aliyejivika joho la uongo, na hakuna mmoja wao anayeona ajabu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kujigeuza katika Mabepari wa Venisi si pambo la kuchekesha tu. Kunampa mwanamke mlango na masikio, kunayapima mapenzi kwa pete, na kunatuonyesha kwamba uhuru wa kudanganya umegawanywa kwa upendeleo kama mali nyingine za mji ule. Kwa hiyo tusikimbilie jibu tulilolizoea, kwamba Shylock ni bepari mbaya na wengine wote ni watu wa mapenzi. Neno la Mwalimu liko katika wingi, na wingi huo unawahesabu hata waliooana kwa raha.

Ukumbi wa mwisho ni Belmont, mwezi unang'aa, merikebu 3 za Antonio zimefika salama, wapenzi wanaingia ndani. Muda mfupi kabla ya hapo muziki ulipigwa, na Jessica alisema kwamba kila asikiapo muziki mtamu hawi mchangamfu. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemwuliza. Sisi wasomaji tunaweza kumwuliza.